Kurasa binafsi za wanafunzi kwenye Apache: baadhi zinafunguka, nyingine zinatoa 403. Kizuizi kiko wapi?

#1 Fundi_Sakina

Habari zenu wanajukwaa.

Ninasimamia maabara ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Arusha. Muhula huu walimu wameomba kila mwanafunzi awe na ukurasa wake wa wavuti kwenye seva yetu ya ndani, ili akiandika zoezi la HTML alione papo hapo kwenye kivinjari bila kumsubiri mtu wa kumpandishia mafaili. Njia niliyochagua ni moduli ya Apache, programu yetu ya seva ya wavuti, iitwayo mod_userdir: mtu akiandika anwani ya seva, kisha /~ na jina la akaunti, Apache inakwenda kusoma mafaili yaliyo ndani ya public_html kwenye folda ya nyumbani ya mwenye akaunti hiyo.

Moduli nimeiwasha kwa `a2enmod userdir`, seva nimeianzisha upya, na kila mwanafunzi ana public_html yenye ruhusa 755 (mwenyewe anaandika, wengine wanasoma na kupita) na index.html yenye 644 (wengine wanasoma tu). Linalonitatiza ni kwamba kurasa za baadhi yao zinafunguka vizuri kabisa, ilhali wenzao wa darasa lilelile, waliofuata maelekezo yaleyale, wanapata 403, yaani seva inakataa kuonyesha ukurasa. Kama mipangilio ingekuwa mibovu, ningetarajia wakwame wote. Naomba mawazo yenu, hasa ya waliowahi kuendesha mfumo wenye watumiaji wengi.

#2 Majengo_Moshi

Mkuu, 403 ni ruhusa tu. Piga `chmod -R 777 /home` (ruhusa zote kwa watu wote) umalize kazi, wanafunzi waendelee na masomo.

#3 BintiMeru

Ndugu Fundi, nakuomba sana usifuate ushauri wa #2. Ukiweka 777 kwa wote, mwanafunzi yeyote ataweza kufuta kazi ya mwenzake usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, na wanaoingia kwenye seva kwa mbali kupitia SSH kwa kutumia funguo watakataliwa, kwa sababu sshd, programu inayowapokea, kwa kawaida huzikataa funguo zilizo ndani ya folda ya nyumbani ambayo mtu mwingine anaweza kuiandikia. Utakuwa umetafuta jibu la tatizo moja na kuzalisha mawili.

Swali la msingi ni hili: umetueleza ruhusa za public_html na za index.html, lakini hukutueleza ruhusa za folda ya nyumbani yenyewe. Ili Apache ifike kwenye faili, inahitaji ruhusa ya x, yaani ya kupita, katika kila folda iliyo njiani tangu mzizi wa mfumo. Ukifunga geti la nje, mlango wa chumbani uliouacha wazi haumsaidii mgeni. Chukua mwanafunzi mmoja ambaye ukurasa wake unafunguka na mwingine aliyekwama, kisha kwa kila mmoja endesha `namei -l /home/jina/public_html/index.html`. Amri hiyo itakuonyesha mmiliki na ruhusa za kila hatua ya njia, na mara nyingi jibu huonekana hapohapo. Folda ya nyumbani ikiwa 711 inatosha: watu wanapita lakini hawawezi kuorodhesha kilichomo.

#4 Majengo_Moshi

Dada, nimekuelewa kuhusu 777. Ila hoja ya kupita siioni, kwa sababu Apache inaanzishwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, na root hazuiwi na geti lolote.

#5 Mwalimu_wa_Rau

Ndugu yangu wa Majengo, mchakato mama wa Apache ndio unaoanza kama root, kwa kuwa unahitaji kufungua mlango namba 80. Michakato watoto, ambayo ndiyo inayojibu maombi ya wasomaji, huvua mamlaka hayo na kuendelea kama mtumiaji wa kawaida, ambaye kwenye Linux za Debian na Ubuntu anaitwa www-data na kwenye jamii ya Red Hat anaitwa apache. Kwa hiyo hoja ya BintiMeru katika #3 imesimama.

Kwa upande wa mleta uzi, nadhani najua kwa nini baadhi wanapona. Kuanzia Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya akaunti mpya hutengenezwa ikiwa na ruhusa 750, inayowazuia wote isipokuwa mwenyewe na kikundi chake, badala ya 755 iliyokuwa kawaida kabla ya hapo. Akaunti zilizohamishwa kutoka seva ya zamani zinabaki na 755 yake na kurasa zake zinafunguka, ila zilizofunguliwa baada ya kuhama zinakwama. Wanafunzi wanaweza kuwa darasa moja na bado akaunti zao zikawa za nyakati tofauti.

#6 Fundi_Sakina

Nashukuru wote. Seva ni Ubuntu 22.04, na sikutaja mwanzoni kwamba /home haiko kwenye mashine hiyohiyo: inatoka kwenye kifaa kingine cha kuhifadhia data kupitia NFS, njia ya kushiriki mafaili kwenye mtandao.

Nimeendesha `namei -l` kama alivyoelekeza BintiMeru. Ni kweli ziko akaunti za 755 na za 750, na zote za 755 zinafunguka, kwa hiyo Mwalimu amegusa jambo la kweli. Lakini zipo pia akaunti za 750 ambazo zinafunguka bila shida yoyote. Hapo ndipo maelezo ya #5 yanaponiacha njiani.

#7 Kibosho_Juu

Mimi niko Moshi, na ofisi ninayoihudumia inatumia AlmaLinux, ya jamii ya Red Hat. Dalili zetu zilikuwa zinafanana sana na zako: ruhusa zote sahihi, `namei` haionyeshi kasoro, na 403 iko palepale. Kwetu chanzo kilikuwa SELinux, ulinzi wa ziada wa Linux ambao unakagua lebo ya faili mbali na ruhusa za kawaida.

Kwenye jamii hiyo ya mifumo kuna mambo matatu ya kutazama. Kwanza, faili la /etc/httpd/conf.d/userdir.conf huja likiwa na `UserDir disabled`, kwa hiyo lazima ulibadilishe wewe mwenyewe. Pili, kuna swichi ya SELinux inayoiruhusu Apache kusoma folda za nyumbani, nayo huwashwa kwa `setsebool -P httpd_enable_homedirs on`, na kama folda hizo ziko kwenye NFS kama zako, ipo nyingine iitwayo httpd_use_nfs. La tatu ndilo lililotuchosha: faili likihamishwa kwa `mv` kutoka /tmp linabaki na lebo ya kule lilikotoka, ilhali likinakiliwa kwa `cp` linapata lebo ya folda linakoingia. Ndiyo maana mfanyakazi mmoja ukurasa wake ulifunguka na wa jirani yake ukagoma. Tuliponyoosha lebo kwa `restorecon -Rv` kwenye public_html za wote, malalamiko yaliisha. Lebo utaziona kwa `ls -Z`.

#8 BintiMeru

Maelezo mazuri ya Kibosho_Juu, na yatawafaa wengi watakaousoma uzi huu wakiwa na AlmaLinux au Rocky. Ila mleta uzi yuko Ubuntu, ambako SELinux haiwashwi kwa kawaida, kwa hiyo kwake sidhani kama njia ni hiyo.

Ndugu Fundi, tunakisia mno bila kusoma ushahidi. Fungua /var/log/apache2/error.log na ututajie namba za makosa zinazoanza na AH. AH00035 inamaanisha Apache imekosa ruhusa ya kupita kwenye folda mojawapo ya njiani. AH01630 inamaanisha mipangilio ya Apache yenyewe ndiyo iliyokataa, na hiyo hutokea sana pale folda za nyumbani zinapokuwa ngazi moja chini zaidi, kwa mfano /home/CHUO/jina, kwa sababu kifungu cha `/home/*/public_html` hakivuki mkwaju (/): nyota moja inawakilisha folda moja tu. AH01276 inamaanisha folda imefikiwa lakini hakuna faili la mwanzo, na kuorodhesha hakuruhusiwi. Makosa haya yote matatu msomaji huyaona kama 403 ileile, ingawa dawa zake hazifanani hata kidogo.

#9 Fundi_Sakina

Nimesoma logi. Nyingi ni AH00035, na chache ni AH01276. AH01630 sijaiona kabisa, na folda zetu ziko moja kwa moja chini ya /home.

#10 MzeeNgaramtoni

Vijana, hizo AH01276 zitoe kwenye hesabu mapema zisiwachanganye. Tazameni kama wanafunzi hao wameandika Index.html kwa herufi kubwa mwanzoni, kwa sababu waliozoea Windows hawaoni tofauti, lakini Linux inaiona. Tena mipangilio ya kawaida ya Ubuntu huruhusu kuorodhesha kwenye folda hizi, kwa hiyo kama orodha haitoki, basi kuna mtu aliyeondoa neno `Indexes` kwenye userdir.conf. Si vibaya kuliondoa, ila mjue kwamba faili hilo limeguswa, na aliyegusa hapo huenda amegusa na kwingine.

#11 Mama_Neema_Njiro

Shikamoo Mzee. Naongeza kisa kinachofanana, huenda kikasaidia. Tulikuwa na seva ya zamani ya Ubuntu ambayo ukurasa wa mtu ulifunguka mchana akiwa kazini, na ukigusa jioni akiwa ameondoka unakataa. Sababu ilikuwa usimbaji fiche wa folda ya nyumbani: folda ilifunguka mwenyewe alipoingia na ikafungwa alipotoka, na Apache haikuwa na namna ya kusoma kilichofungwa. Ubuntu waliondoa chaguo hilo kwenye kisakinishi kuanzia 18.04, lakini akaunti zilizohamishwa kutoka enzi hizo zinaweza kuwa nalo bado. Je, wanaofunguka ni wale walioingia kwenye mfumo wakati huo?

#12 Usa_River01

Mimi ningetazama umeme. Huku kwetu umeme ukikatika na kurudi, mashine zinawaka kwa pamoja, na seva ya wavuti inawahi kuamka kabla ya kifaa cha NFS. Matokeo yake /home inakuwa tupu mpaka mtu aje aiunganishe kwa mkono. Mleta uzi, je, tatizo lilianza baada ya umeme kukatika?

#13 BintiMeru

Usa_River01, hoja yako ni ya kweli na kila mwenye NFS anapaswa kuijali, ila ingeleta 404 (haipatikani), kwa kuwa folda isingekuwepo kabisa. Tena ingewapata wote kwa mpigo. Sisi tunatafuta kitu kinachochagua watu.

#14 Usa_River01

Sawa dada, nimekubali kuhusu 404. Ila mleta uzi asisahau kuweka utegemezi kwenye systemd, programu inayoanzisha huduma za mfumo, kwa `RequiresMountsFor=/home`, ili Apache isubiri.

#15 Fundi_Sakina

Shikamoo Mzee wa Ngaramtoni, nami naisubiri marahaba yangu. Umesema kweli kuhusu herufi kubwa: wote wenye AH01276 walikuwa na Index.html, wamerekebisha na kurasa zao zinafunguka. Mama Neema, hatuna usimbaji, nimehakikisha.

Jambo jipya ni hili. Nilipofuatilia userdir.conf iliguswa na nani, nimekuta skripti ya aliyekuwa na nafasi hii kabla yangu. Kila akaunti mpya inapofunguliwa, skripti hiyo inamwingiza www-data kwenye kikundi cha mwanafunzi huyo. Ndiyo maana zipo akaunti za 750 zinazofunguka: Apache inapita kama mwanakikundi. Nikiandika `id www-data` naona orodha ndefu sana ya vikundi, na wanafunzi wanaokwama nao wamo.

#16 Mwalimu_wa_Rau

Hapo sasa umetupa kitu cha kushika. NFS inapotumia uthibitishaji wa kawaida, uitwao AUTH_SYS, kila ombi linabeba namba ya mtumiaji, kikundi chake kikuu, na vikundi vya ziada visivyozidi 16. Kikomo hicho kimo katika itifaki yenyewe, si katika mipangilio yako. Kama www-data yumo kwenye vikundi vingi kuliko hivyo, vinavyozidi havifiki kabisa kwenye kifaa cha NFS, na kifaa hakina namna ya kujua kwamba yeye ni mwanakikundi cha mwanafunzi husika. Ukisoma `id` kwenye seva ya wavuti utaona kila kitu kiko sawa, kwa sababu orodha inakatwa njiani.

Linganisha namba za vikundi vya wanaofunguka na vya wanaokwama. Ninadhani utakuta wanaofunguka ni wenye namba ndogo.

#17 BintiMeru

Mwalimu, kikomo cha 16 nakikubali, lakini nina pingamizi. Kama upande unaotoa NFS ni Debian au Ubuntu, mipangilio yake ya kawaida huwa na manage-gids, na maana yake ni kwamba kifaa hakiisikilizi kabisa orodha ya vikundi inayotumwa na mteja, bali kinatafuta chenyewe vikundi vya mtumiaji huyo kwenye hifadhi yake. Huko www-data hajaingizwa popote na skripti. Kwa hali hiyo akaunti zote za 750 zingekwama, hata zile za kwanza. Zinazofunguka tutazieleza vipi?

#18 Kibosho_Juu

Watu wa Arusha mnapenda kwenda mbali wakati dawa iko karibu, njooni huku Moshi tuwafundishe. Achaneni na vikundi. Kila folda ya nyumbani mpeni www-data ruhusa ya kupita peke yake kwa ACL, yaani ruhusa za ziada za mtumiaji mmojammoja: `setfacl -m u:www-data:x /home/jina`. Hamhitaji kuifungua folda kwa dunia nzima, na hamhitaji kikundi hata kimoja.

#19 BintiMeru

Kaka wa Kibosho, tutakuja, andaeni ndizi. Ila kwa kuwa /home hapa inatoka NFS, na kama toleo lake ni la 4, `setfacl` upande wa mteja itakataliwa na kuambiwa kwamba operesheni hiyo haitumiki. Lazima iendeshwe kwenye kifaa chenyewe, na huko itumie namba badala ya jina, kwa sababu www-data ni 33 kwenye Ubuntu, ilhali kifaa kingine huenda hakimjui kabisa, au namba hiyo kimempa mtu mwingine. Apache ya Red Hat, kwa mfano, ni 48.

#20 MzeeNgaramtoni

Marahaba wanangu. Kabla hamjamaliza kufungua mageti, naomba niseme jambo ambalo linanisumbua kila ninapoona mfumo huu unarudishwa.

Folda hizi za alama ya wimbi ni urithi wa miaka ya 1990, tangu seva ya NCSA kule Marekani kabla Apache haijazaliwa mwaka 1995, wakati ambapo ukurasa ulikuwa maandishi na picha tu. Siku hizi wanafunzi wanaandika JavaScript na kuhifadhi vidakuzi, na kivinjari kinawahesabu wote walio chini ya anwani moja kuwa ni tovuti moja. Msimbo ulio kwenye ukurasa wa mwanafunzi mmoja unaweza kusoma ambacho ukurasa wa mwenzake umehifadhi kwenye kivinjari cha mgeni, na kutenganisha kwa njia ya folda hakuzuii hilo. Isitoshe, tofauti kati ya 403 na 404 inamwambia mtu wa nje kwamba akaunti fulani ipo au haipo, na kwa sababu hiyo Red Hat huizima kwa chaguo-msingi.

Kama mna uwezo wa kusimamia DNS ya ndani (mfumo wa majina ya anwani), mpeni kila mwanafunzi jina lake la mbele kwenye anwani, na mtumie mod_vhost_alias yenye `VirtualDocumentRoot /home/%1/public_html`. Hapo kila mmoja anakuwa na tovuti yake kweli mbele ya kivinjari. Ruhusa za folda bado mtazihitaji, sisemi kwamba tatizo la 403 litaondoka, ila mkishalitatua mtakuwa na kitu salama.

#21 Mwalimu_wa_Rau

Mzee, kwa mtandao wa ndani wa maabara nadhani hatari hiyo inavumilika, na faida ya mwanafunzi kuona kazi yake ikiwa hewani siku ya kwanza ni kubwa mno kuipoteza. Ila kwa seva inayoonekana nje ya chuo ninaungana nawe.

#22 Mama_Neema_Njiro

Na wanafunzi wakifika kwenye PHP, lugha ya programu za upande wa seva, watakutana na kikwazo kingine, bora wajue mapema. Kwenye Ubuntu, anayetumia moduli ya PHP ndani ya Apache atakuta faili la mipangilio yake lina kifungu kinachoizima PHP ndani ya public_html za watumiaji, kwa mstari wa `php_admin_flag engine Off`. Mwanafunzi atadhani msimbo wake ni mbovu.

#23 Fundi_Sakina

Nimepokea yote. Majibu ya vipimo ni haya.

Nimelinganisha namba za vikundi kama alivyosema Mwalimu. Kwa akaunti za 750, wanaofunguka kwa kweli ni wenye namba ndogo, isipokuwa wachache ambao namba zao ni kubwa na bado kurasa zao zinafunguka. Kuhusu #17, kifaa cha NFS kilinunuliwa kikiwa tayari kimefungwa na mtengenezaji, na ukurasa wake wa usimamizi haunionyeshi popote kama manage-gids imewashwa.

Kisha nikajaribu hili: `sudo -u www-data cat` kwenye index.html ya mwanafunzi mmoja aliyekwama. Faili limesomeka lote bila kukataliwa. Muda huohuo nikafungua ukurasa wake kwa kivinjari, nikapata 403, na logi ikaandika AH00035.

#24 Majengo_Moshi

Basi ni systemd. Kama huduma ya Apache imewekewa `ProtectHome=yes`, Apache haioni /home hata kama www-data mwenyewe anaiona.

#25 BintiMeru

Hoja nzuri, Majengo, na kwa mara hii niko karibu nawe, ila ProtectHome ingewafungia wote. `systemctl cat apache2` itatuondolea shaka.

#26 Mwalimu_wa_Rau

Jaribio la #23 halijaniondoa kwenye vikundi. Mchakato unasoma orodha ya vikundi vyake unapoanza, haurudii tena. Kama Apache haijaanzishwa upya tangu skripti ilipoongeza vikundi vya mwisho, michakato yake ina orodha ya zamani, wakati `sudo` inachukua orodha mpya kila mara. Chukua namba ya mchakato mmoja wa Apache usio wa root, soma mstari wa Groups kwenye /proc/namba/status, kisha ulinganishe na `sudo -u www-data id`.

#27 Fundi_Sakina

Apache niliianzisha upya mwanzoni mwa uzi huu, lakini akaunti nyingine zimefunguliwa baada ya hapo. Nitasoma huo mstari wa Groups maabara ikishafungwa jioni.

#28 BintiMeru

Ukiwa hapo, chagua mwanafunzi mmoja tu aliyekwama na umwekee folda ya nyumbani 711, wengine usiwaguse. Akifunguka, tutajua kwamba kizuizi kiko kwenye vikundi, iwe ni kikomo cha Mwalimu au orodha ya zamani. Akiendelea kupata AH00035 hata kwa 711, basi sote tumekuwa tukitafuta kwenye folda isiyo yenyewe, na itabidi utuletee ruhusa za /home yenyewe kama zinavyosomeka kwenye kifaa cha NFS.